Kinamasi cha Kampala Si Ardhi ya Bure



Kila linapozuka suala la vinamasi vya Kampala, waajiri wa huko huuliza swali moja: mnataka ndege au mnataka kazi? Swali hili lina ujanja ndani yake. Wapo wenzetu wa vyama vya wafanyakazi waliolipokea kama lilivyo, wakasimama upande wa mwenye kiwanda wakidhani wanalinda mkate wa wanachama. Sisi hatulikubali.

Kampala imejengwa juu ya vilima. Chini ya kila kilima kuna bonde, na bondeni tangu zamani kuna kinamasi cha mafunjo. Mfereji wa Nakivubo unapita katikati ya mji, karibu na soko la Owino, ukipokea maji ya mvua, ya majikoni, ya vyoo vya mabanda, ya gereji na ya viwanda. Mfereji huo huingia katika kinamasi cha Nakivubo, baina ya Bugolobi na Muyenga, na mwishowe maji hayo hufika katika ghuba ya Murchison, Ziwa Victoria. Katika ghuba hiyo hiyo, kilomita chache tu mbele, iko Ggaba, ambako mitambo huvuta maji ya kunywa ya mji. Ndiyo, ghuba ile ile.

Baina ya uchafu na bomba la kunywa wamesimama mafunjo. Mizizi yake imefumana kama mkeka mnene, na mahali pengine mkeka huo huelea juu ya maji. Maji machafu yakifika hapo hupunguza mwendo na kutawanyika. Tope hushuka chini, vijidudu vingi vya maradhi hufa, na ile mbolea iliyomo katika uchafu wa watu huliwa na mmea wenyewe, ambao hurefuka kupita urefu wa watu wawili. Ukikatwa vizuri huota tena kabla ya mwaka kwisha. Mwaka 1999 wataalamu wa uchumi walikadiria kwamba kazi hii ya kusafisha maji peke yake ina thamani inayofikia dola milioni 1.75 za Kimarekani kwa mwaka. Kazi hiyo hufanywa usiku na mchana, bila mshahara wala likizo, na bila chama cha kuitetea.

Wamo na wakazi wengine. Kamongo hujificha katika tope lake. Yuko ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano ambaye maisha yake yote ni mafunjoni, na mafunjo yakiisha naye hana pa kwenda. Kaloli, yule korongo mkubwa mwenye kipara, amezoea mji kabisa. Hujenga viota juu ya miti ya barabarani na kushinda machinjioni na majaani akila yanayooza. Watu humcheka kwa sura yake, lakini anazoa taka tangu alfajiri, na hatujui msimamizi yeyote aliyemwamrisha.

Sasa kinamasi kinauawaje? Malori huja na kifusi, mara nyingi usiku. Kipande kinajazwa, hati inapatikana kwa njia wanayoijua wenyewe, ukuta unapanda, kisha kiwanda au bohari. Serikali nayo haikukaa mbali: msitu wa hifadhi wa Namanve, mashariki ya mji, uligeuzwa kuwa eneo la viwanda. Wakulima wadogo wa magimbi nao huchimba mifereji, na maji yakipata mfereji hupita mbio bila kusafishwa. Hilo ni kweli na tuliseme. Lakini mwenye jembe hawezi kulinganishwa na mwenye malori mia.

Matokeo yake hayaangukii kila mtu sawasawa. Mjini Kampala wenye mali hukaa vilimani, wafanyakazi hukaa mabondeni. Mvua ikinyesha na maji yakakosa pa kutua, hutua Bwaise, ndani ya chumba cha mtu aliyetoka zamu ya usiku. Mafuriko ya Machi 2025 yaliua watu kadhaa mjini humo. Katika ghuba mwani umestawi, kuyasafisha maji kumekuwa kwa gharama kubwa zaidi, na mtambo mwingine umejengwa mbali kabisa, Katosi. Gharama hizo zote huishia katika bei ya maji, na anayenunua maji kwa madumu hulipa zaidi kuliko mwenye bomba nyumbani. Ni kweli Serikali imejenga mtambo mkubwa wa majitaka Bugolobi, unaoweza kusafisha lita milioni 45 kwa siku. Ni jambo jema. Lakini watu wengi wa mabondeni bado wanatumia vyoo vya shimo, na choo cha shimo hakina bomba la kwenda Bugolobi.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema vinamasi vinashikwa na Serikali kwa niaba ya wananchi wote. Maneno mazuri. Hata hivyo mwaka 2024, mamlaka ya mazingira ilipoamua kusafisha kinamasi cha Lubigi, tuliona nyumba za watu wa kawaida zikibomolewa na akina mama wakikaa nje na magodoro yao. Tunataka vinamasi virudi. Hatutaki tingatinga lianze na mnyonge na lifike kwa tajiri likiwa limeishiwa mafuta.

Kwa hiyo tunawaambia wenzetu wa Kampala: kiwanda kikiamriwa kuhama kinamasini, madai ni kwa mwajiri. Yeye ndiye aliyechagua ardhi rahisi, basi alipe kiinua mgongo kamili, au awahamishe wafanyakazi pamoja na mitambo. Na hili liandikwe katika mkataba wa hali bora kabla ya amri kufika, kwa sababu siku ya amri mwajiri atakuwa ameshafunga ofisi.

Sisi tunaofanya kazi ya chama huku Mwanza hatuzungumzi kama watazamaji. Ziwa ni lile lile. Mto Mirongo unafanya katikati ya mji wetu kazi ile inayofanywa na Nakivubo, na samaki wanaokatwa katika viwanda vyetu wanatoka katika maji hayo. Mafunjo ya ufukweni ni maficho ya vifaranga vya samaki. Ndugu zetu wa mashamba makubwa pia wanajua dawa ya kunyunyizia huenda wapi baada ya mvua.

Majadiliano ya mikataba yatakapoanza, kila kamati ya tawi na iulize swali hili, na jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao: bomba la maji machafu la kiwanda hiki linatokea wapi, na nani aliyapima maji yake mara ya mwisho?