Kupanga Köln Si Kutupa Pesa

Makala moja imeziambia familia za Kiafrika zilizohamia Ujerumani kwamba kupanga ni kutupa pesa, zinunue nyumba haraka. Ushauri huo ni wa hatari. Mwandishi amepiga hesabu ya mkopo, akasahau gharama za kununua. Jijini Köln, nyumba ya yuro 300,000 inatozwa ushuru wa asilimia 6.5, yaani yuro 19,500. Ongeza mthibitishaji wa mikataba na masjala ya ardhi, takriban asilimia 2, kisha dalali. Pesa hizo hazirudi, na kwa kawaida benki hutaka uzitoe mfukoni. Kazi ikikuhamishia Berlin baada ya miaka mitatu, utapata hasara hata bei isiposhuka.

Tena anamchora mpangaji kama mtu wa kufukuzwa wakati wowote. Si kweli! Kule mkataba wa kawaida hauna ukomo, na mwenye nyumba hakutoi bila sababu inayotambuliwa na sheria. Zaidi ya nusu ya kaya za Ujerumani zimepanga, na wanalea watoto humo humo.

Mwenye kibali cha kudumu na ajira thabiti anunue, simzuii. Ila mthibitishaji atausoma mkataba wote kwa sauti, kwa Kijerumani. Asiyeelewa adai mkalimani, asitie saini kwa kuona haya.