Kabla Uuze Mbuzi Ununue Pampu, Shika Ndoo Kwanza

Leo nitasema, na mwenye kukasirika akasirike. Hapa Balambala mfereji ukianza kutoa maji kama uzi, fundi anakuja, anaufungua mara moja, anatikisa kichwa: "Presha iko chini, nunueni pampu." Hajapanda kwa tangi. Hajafungua hata koki moja. Na pesa anataka ya siku nzima.

Sisi tuliamini. Hooyo akauza mbuzi wawili, pampu ikaja, ikanguruma siku mbili, ikaungua. Siku ya tatu nikafungua mwenyewe koki ya chini ya tangi. Tope la Tana limejaa ndani, gumu kama udongo wa ukuta. Pampu ilikuwa inavuta na maji hayaji, lazima ife. Mbuzi wawili, walahi, kwa tope la kikombe kimoja!

Watu wangu, tangi halisukumi maji kwa ukubwa wake. Kinachosukuma ni kimo. Lita 1,000 na lita 10,000, maji yakiwa kimo kimoja, presha ni ileile. Ukiyatoa mita 3 juu ya mfereji ukayaweka mita 6, presha imekuwa maradufu, bila stima, bila sola. Lakini bado mtu ananunua tangi kubwa kama nyumba halafu analiweka chini kwa mchanga. Sijui huwa tunadanganywa na nani.

Chukua ndoo ya lita 20 na simu. Pima inajaa kwa muda gani kwenye mfereji ulio karibu na tangi, kisha wa jikoni. Wa karibu ukiwa mwepesi na wa jikoni mzito, shida iko njiani: tope, koki iliyofunguliwa nusu, paipu nyembamba iliyovutwa mbali, au hewa iliyonaswa pale paipu inapopanda ukuta na kushuka. Yote miwili ikiwa mizito, anza na tangi lenyewe. Maji ya mto huu yana tope, na mto ukifurika kama 2024 ndiyo usiseme. Osha tangi, na paipu ya kutolea maji itobolewe juu kidogo ya sakafu yake.

Mafundi watasema naharibu kazi yao. Kazi gani? Kubahatisha?

Na wewe uliyekuja kwetu unajijua. Pampu iko nyuma ya nyumba, bado inanuka moshi. Njoo uichukue, na uje na mbuzi wa Hooyo.