Mashini ya kushona ikiwa nzito, ifunguliwe kwanza kabla ya kuuzwa

Katika makanisa, masomo na nyumba za jamaa ambako wahami wa vita wanapokelewa, Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, mashini ya kushona ya miguu imechukua nafasi ya shamba. Mama aliyeacha maharagwe na mihogo yake kule milimani anapata unga wa jioni kwa kupunguza suruali, kubadilisha zipu ao kushona begi la mtoto lililopasuka. Siku mashini inapoanza kuwa nzito na kukwaruza, watoto wake ndio wa kwanza kujua.

Kinachosikitisha ni namna mashini hizo zinavyotupwa haraka. Nyingine zinauzwa kwa bei ya chuma, nyingine zinabaki pembeni zikifunikwa kitambaa kwa miezi, na wenyewe wanasema "imekufa." Mara nyingi haijafa. Ina uzi uliojifunga ndani, vumbi, ao mafuta mabaya. Mshonaji aliyefundishwa kuifungua angeiamsha siku hiyo hiyo.

Jambo la kwanza ni kujua ugonjwa uko wapi. Mashini ya miguu ina sehemu mbili: kichwa kilicho juu ya meza, na miguu, yaani pedali, fimbo yake na gurudumu kubwa. Mkanda mmoja ndio unaoziunganisha. Mshonaji aondoe mkanda huo, atoe sindano, uzi na kaneti, na aangalie kwamba kifaa cha kujazia kaneti hakigusi gurudumu la juu. Kisha azungushe gurudumu hilo kwa mkono, polepole, kuelekea kwake. Likizunguka vyepesi, shida iko chini ao kwenye mkanda. Likiwa zito, shida iko kwenye kichwa. Jaribio hilo halilipishi hata franka moja, na linamzuia mtu kununua kifaa ambacho hakikuwa na kosa.

Uzito wenyewe pia una maana yake. Gurudumu likikwama mahali pamoja tu katika kila mzunguko, kuna kitu kinachogonga ao kuzuia: nyuzi zilizoingia kwenye nyumba ya kaneti, ao manyoya ya kitambaa yaliyogandamana chini ya meno yanayosukuma nguo. Ikiwa shida inarudi baada tu ya kuweka sindano, basi sindano imepinda na inagusa chuma. Afungue, asafishe kwa burashi ndogo, atoe kila kipande cha uzi, kisha azungushe tena. Abadilishe jambo moja kwa wakati, ajaribu, ndipo aende kwa lingine. Anayelegeza visi tano kwa pamoja hatajua ni ipi iliyokuwa na kosa.

Gurudumu likiwa zito mzunguko wote, mara nyingi ni mafuta. Hapa ndipo mashini nyingi zinauawa na watu wanaotaka kuziponya. Mawese na mafuta ya kupikia yanalainisha siku chache, kisha yanakauka na kugeuka gundi. Mafuta ya pikipiki ni mazito mno kwa mashini ndogo. Ikiwa gundi imekwisha kuingia, matone machache ya petroli ya taa, mbali na moto, yanailegeza. Mashini inazungushwa bila uzi, uchafu unapanguswa, halafu mafuta ya mashini yanatiwa, tone moja kwa kila tundu, juu na chini ya kichwa. Anayeshona kutwa nzima atie kila siku, na ashone kwanza kitambaa kibovu ili nguo ya mteja isipate doa.

Miguu nayo isisahauliwe. Kwenye sakafu ya udongo, ao juu ya mawe ya volkano ya Goma, meza inasimama mshazari na chuma kinajibana. Kipande cha mbao chini ya mguu mmoja kinaweza kumaliza kelele yote. Mkanda uliokazwa kupita kiasi unachosha magoti, na uliolegea unateleza. Uzi na nywele hujifunga pale pedali inapozungukia, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Wako mafundi wanaosema kwamba wanafunzi wakianza kufungua mashini wataziharibu. Hofu hiyo ina haki upande mmoja. Kupanga upya saa ya sindano na ndoano inayochukua uzi ni kazi ya fundi mwenye uzoefu, na anayeanza asiiguse. Lakini kusafisha, kutia mafuta, kunyoosha meza na kubadilisha sindano hakuhitaji fundi. Mama anayelipa kila mara kwa kutolewa kipande cha uzi anafanyia kazi mfuko wa mtu mwingine. Na pale njia zimefungwa, fundi hafiki hata kama pesa zipo.

Kwa upande huo, mashirika yanayogawa mashini yanastahili kuulizwa. Picha ya siku ya kugawa inapendeza, na masomo ya kupima na kukata ni mazuri. Lakini mashini inayotolewa bila chupa ya mafuta, turnevisi, burashi na sindano za akiba imetolewa nusu. Mkufunzi anayemaliza masomo bila kumwambia mwanafunzi aondoe mkanda na kuzungusha gurudumu kwa mkono hajamaliza kazi yake. Siku mbili za kufungua na kufunga zinatosha kwa mambo haya ya msingi, na zingelinda pesa ambazo tayari zimetumika.

Vikundi vya washonaji navyo visingoje. Kila kikundi kinaweza kuchagua watu wawili wa kutunza vyombo, kununua chupa moja ya mafuta kwa mchango, na kupima mashini zote kabla ya misimu ya kazi nyingi: vitenge vya tarehe 8 Machi, na nguo za masomo za bluu na nyeupe kabla ya Septemba. Mashini ikikwama wiki hiyo, mteja hasubiri. Anabeba kitambaa chake na kukipeleka kwa mshonaji mwingine.