Kulenga shabaha: bunduki ije mwisho

Waliofuatilia Olimpiki ya Paris 2024 hawajamsahau Yusuf Dikeç, yule Mturuki wa miaka 51 aliyesimama mkono mmoja mfukoni, fulana ya kawaida na miwani ya kila siku, akaondoka na medali ya fedha ya bastola ya hewa mita 10, timu mchanganyiko, akiwa na Şevval İlayda Tarhan. Picha yake ilizunguka kwenye simu za watu kuliko ya Waserbia waliobeba dhahabu. Kila mtu aliuona mkono mfukoni. Wachache waliona vizibo alivyoweka masikioni.

Vizibo vile vinaeleza mchezo huu kuliko ule mkono. Kulenga shabaha umekuwemo kwenye Olimpiki tangu Athens 1896, na ni mchezo ambao sehemu kubwa ya muda mchezaji hafyatui chochote. Anasubiri amri. Jaza, anza, simama, toa risasi. Akimaliza, bunduki inafunguliwa, afisa wa uwanja anachungulia chemba kwa macho yake, na kinawekwa kibendera cha kuonyesha kwamba ndani hamna kitu. Hakuna anayesogea kwenye shabaha kuhesabu alama mpaka silaha zote ziwe wazi mezani, na watu wakiwa mbele hakuna kugusa silaha hata kwa kuifuta vumbi. Na yeyote akiona hatari, hata kama ni mtoto aliyekuja kutazama, ana haki ya kupiga kelele "Simama!" na wote wakatii.

Jamaa aliyepiga kumi halafu akageuka na bunduki mkononi kuwaonyesha wenzake jinsi alivyolenga anaweza kutolewa palepale. Kwenye soka angeshangilia hadi kwenye kibendera cha kona. Huku mtutu ukigeukia watu, mechi yako inaweza kuwa imeisha.

Kwa Mtanzania wa kawaida mchezo huu ni wa majeshi. Ukiusikia ni pale timu za vyombo vya ulinzi zinapokutana kwenye michezo ya BAMMATA, na hata hapo habari inapata mistari miwili chini ya matokeo ya Simba na Yanga. Wapo wanaotamani utoke kambini uje uraiani, uwe na klabu, mashindano ya mikoa, vijana wa kike na wa kiume. Wazo ni zuri. Tatizo ni kwamba wengi wao wanaanza na swali la bunduki: aina gani, bei gani, kibali nani atatoa. Swali la kwanza lingekuwa nani atafundisha kanuni, na wapi zinahitajika kuliko kwingine.

Jibu la "wapi" halipo Dar es Salaam. Shuka stesheni ya Uchindile, kule reli ya TAZARA inapoacha tambarare za Mlimba na kupanda kuelekea Makambako. Hutauliza klabu ya kulenga shabaha iko wapi. Utakuta mashamba makubwa ya misonobari na mikaratusi, wafanyakazi wanaoingia na kutoka humo, na chini yake bonde la Kilombero lenye sheshe na nyati, ambako habari za uwindaji ni za vizazi. Bonde hili linaijua bunduki. Agosti 1905, watu wa huku waliivamia boma ya Mahenge wakiamini risasi zitageuka maji, na bunduki za mtombo za Wajerumani zikawafyeka. Silaha inayotajwa zaidi vijijini mpaka leo, huku na kusini kwa ujumla, ni gobole.

Gobole ndilo linaloonyesha kwa nini kanuni za uwanja haziwezi kukaririwa tu. Kanuni ya kwanza inasema silaha ifunguliwe na chemba ionekane tupu. Gobole halifunguki. Baruti, kizibo na goroli vinashindiliwa kwa mbele, na vikishaingia, njia ya uhakika ya kuvitoa ni kulipiga. Ndiyo maana mtu aliyezunguka porini bila kukutana na mnyama hurudi nyumbani na gobole lililojaa, akaliegemeza ukutani, ati kesho litatumika. Baruti ni ghali, ya nini kuipoteza hewani? Mtoto anayelikuta pale hana namna ya kujua kama limejaa au la. Hata mkubwa akilitazama hajui.

Halafu kuna unyevu. Bonde la Kilombero linalowa nusu ya mwaka, na baruti iliyonyonya unyevu haigomi tu. Wakati mwingine inachelewa. Fataki inalia, kimya, mwindaji anainamisha gobole na kuchungulia nini kimetokea, na ndipo linalipuka. Viwanjani jambo hilo lina kanuni yake: bunduki ikigoma, mtutu unabaki umeelekea shabaha kwa nusu dakika au zaidi, hakuna anayesogea, hakuna anayechungulia. Nusu dakika tu, lakini ni nani amewahi kumwambia hivyo mwindaji wa kijijini?

Kanuni ya nne ya yule mwanajeshi wa Marekani, Jeff Cooper, inasema ujue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Kibunduki cha milimita 5.6, kile kinachoonekana kama cha kuchezea, risasi yake inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Ikigusa maji kwa pembe ndogo haizami, inaruka na kuendelea. Kwenye uwanja kuna tuta la udongo nyuma ya shabaha. Kwenye shamba la miti nyuma ya shabaha kuna mtu anayepogoa matawi.

Watasema kuwafundisha vijana wa bonde la wanyama kulenga ni kuzalisha majangili. Hoja hiyo inasikika vizuri ofisini. Lakini fundi wa magobole hasubiri Baraza la Michezo la Taifa litoe mtaala, na kijana anayetaka kuwinda bila kibali hajakwamishwa na kukosa klabu. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kidole kisiingie kwenye triga kabla hajaamua kupiga. Serikali imewahi kutoa vipindi vya msamaha watu wasalimishe silaha haramu bila kushitakiwa, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ipo. Vyote hivyo vinashughulika na nani ana silaha. Namna anavyoishika ni suala la walimu.

Na walimu wapo. Wilaya zina mshauri wa mgambo, na kuruta wa mgambo huanza kwa kushika bunduki ya mbao kabla ya kuiona ya chuma. Likuyu Sekamaganga, kule Namtumbo, kuna chuo kinachofundisha askari wa wanyamapori wa vijiji. Hawa ndio makocha wa kwanza wa mchezo huu uraiani, kama chama chochote kitakuwa na akili ya kuwafuata badala ya kungoja mfadhili alete bunduki za mashindano kutoka Ulaya.

Bunduki ya mbao inatosha kwa miezi ya mwanzo. Amri zote nne zinafundishika nayo, mtutu unaoyumba kuelekea watu unaonekana nayo, na kocha anaweza kumtoa mtu mazoezini kwa kosa hilo bila yeyote kuumia. Baadaye ije bunduki ya hewa ya mita 10, ambayo kumi yake ni kinukta cha nusu milimita. Inahitaji ukumbi mdogo tu, hata bwalo la shule ya sekondari ya Mlimba au Ifakara, ukuta imara nyuma na mlango mmoja unaofungwa. Polisi waulizwe kibali mapema. Ufunguo wa kabati ushikwe na watu wawili, na mmoja wao asiwe mchezaji. Wanaokuja kutazama nao wavae miwani ya kukinga macho.

Mzazi wa kijana atakayejiunga aalikwe siku ya kwanza, akae amri zote zikitolewa. Yeye ndiye atakayerudi nyumbani na kulitazama lile gobole ukutani.