Kusema "Mungu Yupo" Hakutoshi

 

Ndugu zangu wanafunzi, wapo miongoni mwenu wanaowakataza bibi zao kusema "Imana", eti hilo si jina la Allah bali ni la kijahili. Maoni yangu ni kuwa tunapigania neno na kuliacha jambo lenyewe.

Imana kwa Kiha ni Muumba. Jirani zetu wa Burundi humwita mtoto Habimana, yaani Mungu yupo. Marehemu Sheikh Abdullah Saleh Farsy, katika tafsiri yake ya Qurani iliyochapishwa mwaka 1969, aliandika "Mwenyezi Mungu". Na Wakristo wa Misri wanaosema Kiarabu humwita "Allah" makanisani mwao. Tofauti yetu nao si neno. Sisi tunaamini kuwa Yeye hana mwana wala mshirika.

Tena, kulijua jina tu hakumfanyi mtu kuwa muumini. Suratul Ankabut, aya ya 61, inatufundisha kuwa washirikina wa Makka wakiulizwa ni nani aliyeumba mbingu na ardhi, hujibu kuwa ni Allah. Baba yake Mtume, aliyefariki kabla ya Utume, aliitwa Abdullah, yaani mja wa Allah. Jina walikuwa nalo. Kilichowaangamiza ni kuwaomba Lata, Uzza na Manata pamoja naye.

Je, sisi tumesalimika? Mvua ikichelewa na maharage yakanyauka, tunasema "Mungu yupo". Usiku tunakwenda kupigiwa ramli tutajiwe jirani aliyetufungia mvua. Mtoto akiugua tunamvisha hirizi, na uadui unaingia kati ya ndugu. Kumpeleka zahanati si shirki, kwani dawa ni sababu na mponyaji ni Allah. Shirki ni kuamini kuwa yuko mwingine mwenye ghaibu na mwenye kudhuru au kunufaisha bila idhini yake.

Basi bibi akisema Imana, usimkemee. Kaa naye kwa adabu, mweleze kuwa Imana huyo ni mmoja, anasikia bila ya mganga. Na wewe unayesema Allah, angalia moyo wako unamkimbilia nani unapoogopa. Hapo ndipo imani yako ilipo.