Kupatwa kwa Jua Hakuui Redio

Mwandishi aliyetuonya kwamba Agosti 2, 2027 jua litakapopatwa redio zetu hapa Eldoret zitanyamaza ametutia hofu bure. Amechanganya mawimbi yote katika chungu kimoja.

FM anayoisikiliza dereva wa matatu akipanda Iten haitegemei anga ya juu. Huzibwa na mlima, jua liwepo lisiwepo. Yanayoguswa ni masafa ya chini. Mchana, miale ya jua hutia chaji hewa iliyo kati ya kilomita 60 na 90 juu yetu, na tabaka hilo humeza mawimbi ya kati. Ndiyo maana wazee wetu walingoja giza liingie ndipo wazinase stesheni za mbali. Mwezi ukiziba jua, chaji hupungua kwa muda tu. Stesheni ya mbali inaweza hata kuchomoza mchana. Hapo redio imekufa vipi? Mawimbi ya masafa ya chini zaidi huakisiwa na tabaka lilo hilo, ambalo hupanda kilomita kadhaa, na ishara huongezeka au hupungua kutegemea umbali wa mtambo. Ulaya walilipima jambo hili jua lilipopatwa Agosti 11, 1999.

Ushahidi wa mwandishi huyo ni kupatwa kwa jua kwa Novemba 3, 2013. Lakini kivuli kilipita Turkana jioni, na machweo yenyewe hulibadilisha tabaka hilo kila siku. Atazitenganishaje athari hizo mbili?

Mwaka 2027 Eldoret itapata kupatwa kwa sehemu tu, tena mchana. Basi awashe kipokezi siku kadhaa kabla, arekodi, alinganishe, kisha aandike upya.