Weka Milioni Moja Uone: Hasira Zangu na Fanksheni za Adhabu

Najua nimepotea karibu wiki tatu. Zilianza testi, bumu likachelewa, halafu nikaenda nyumbani Shelui kwa siku nne kwa lifti ya lori la mjomba. Nimerudi kampasi na hasira. Leo siandiki habari za kantini wala maji kukatika hosteli. Leo ni optimaizesheni, na kama wewe siyo wa injinia usikimbie, maana katikati kuna malori.

Kwa wasiojua. Injinia karibu kila siku anatafuta kitu kimoja: kifanye kazi kwa gharama ndogo kabisa, ila usivunje masharti. Nguzo iwe nyepesi, lakini ibebe. Ukiiambia kompyuta itafute wepesi peke yake, itakuletea nguzo nyembamba kama njiti ya kiberiti na itakuwa haijakosea, ndivyo ulivyoiambia. Sasa kuna ujanja wa zamani, Richard Courant aliuandika mwaka 1943: badala ya kuiwekea kompyuta ukuta, unaiwekea faini. Inaruhusiwa kuvunja sharti, ila kila ikivunja unaongeza adhabu kwenye gharama. Adhabu yenyewe ni kiasi cha ukiukaji, unakipiga mraba, unazidisha kwa namba fulani. Hiyo ndiyo fanksheni ya adhabu. Ujanja mzuri sana, sina ugomvi na marehemu Courant.

Ugomvi wangu uko kwenye hiyo "namba fulani". Darasani tuliambiwa tuweke namba kubwa. Kubwa kiasi gani? "Kubwa ya kutosha." Mmoja akanyoosha mkono kuuliza inatosha kwa nini, akaambiwa aanze na elfu moja, matokeo yakiwa mabaya aweke milioni. Tukaandika. Kesho yake desa lilikuwa limeshazunguka bloku nzima: weka elfu moja.

Kikundi chetu cha watu wanne tulipewa mnara wa chuma wa kubeba simtanki la lita 10,000. Hizo ni tani 10 za maji juu ya vichwa vya watu, na mnara wenyewe tuliambiwa tuuchukulie kuwa uko kijijini mkoani Singida, kwa hiyo na upepo uhesabiwe. Tukafurahi, mimi zaidi, maana upepo wa kwetu naujua, siyo bure mkoa ule unatajwa kila zikizungumzwa habari za umeme wa upepo. Tukapiga msuli usiku kwenye vimbweta, tukaandika programu, tukaweka elfu moja. Ikatoka kilo 348 za chuma. Tukaandika kwenye ripoti: "Masharti yote yametimizwa." Tukapata A. Tukanunua soda.

Masharti hayakutimizwa. Nimeyarudia kwa mkono juzi. Mnara huo, pale mkazo unapogusa kikomo kinachoruhusiwa sawasawa, unahitaji kilo 400. Kwa kilo 348, mkazo umezidi kikomo kwa asilimia 15. Angalia kompyuta ilivyofanya biashara: ukiukaji ni 0.15, mraba wake mara 1,000 ni kama 23. Imelipa faini ya kilo 23 za kwenye karatasi, ikabana kilo 52 za chuma cha kweli. Imepata faida ya 29. Ungekuwa wewe ungekataa?

Na mnaosema "basi ongeza namba" nimewajaribia. Elfu kumi: mkazo unazidi kwa asilimia 1.9. Laki moja: unazidi kwa asilimia 0.2. Unapungua, ila hauishi. Hauwezi kuisha! Mraba wa kitu kidogo ni kidogo zaidi, kwa hiyo pale mpakani kabisa, kosa la kwanza ni la bure. Adhabu ya mraba inakaribia mpaka kutokea nje, siku zote kutokea nje, na ukisimama njiani popote umesimama upande wa haramu. Hili halimo kwenye desa.

Sasa mjomba. Yeye anaendesha semi, Dar hadi Mwanza, miaka mingi. Njia nzima ni mizani: Vigwaza, Mikese, Nala, halafu kwetu Njuki. Tuko Manyoni tunakunywa chai na utingo wake, ananiuliza, "Haya injinia, huko chuo wanawafundisha nini siku hizi?" Nikamweleza mambo ya adhabu, nikijua nitamchanganya. Mzee akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Sasa mwanangu hiyo si ndiyo mizani?"

"Kivipi mjomba?"

"Ukiniambia nisizidishe mzigo, nakusikia. Ukiniambia kuna faini, nakuuliza shilingi ngapi, halafu naangalia nauli ya hiyo tani ya ziada. Kama nauli inazidi faini, tajiri ananiambia pakia."

Nikanyamaza. Mtu wa darasa la saba kanieleza kwa sentensi moja kitu ambacho sikukipata muhula mzima.

Tufanye hesabu yake, kwa namba za mfano tu. Tuseme tani ya ziada inaleta nauli ya shilingi 60,000. Ukimtoza kwa mraba, tani moja 100,000, tani mbili 400,000, na kuendelea, hatazidisha tani mbili, ila atazidisha kilo 300 kila safari, kwa sababu hapo ndipo faida yake iko juu kabisa. Ukikasirika ukapandisha mara kumi, atazidisha kilo 30. Kila safari. Lakini ukimtoza kwa mstari ulionyooka, bei moja kwa kila tani kuanzia kilo ya kwanza, mambo yanabadilika ghafla. Chini ya 60,000 kwa tani, atapakia mpaka tairi zilie. Juu ya 60,000, hata kwa elfu moja tu, hazidishi hata kilo. Sifuri kamili, na hukuhitaji milioni. Kuna namba moja ya kuvuka, nayo ni ile faida anayoipata kwa kuvunja sharti. Willard Zangwill aliliandika hili mwaka 1967, kwamba adhabu ya namna hiyo inakupa jibu lenyewe bila kukimbiza namba hadi mwisho wa dunia. Mjomba hajamsoma Zangwill.

(Na kama mizani inakamata lori moja kati ya matatu, hiyo bei izidishe mara tatu. Hiyo nimeongeza mimi, mjomba alikataa kuijadili mbele ya utingo.)

Mnaosema mchezo wa barabarani hauna uhusiano na somo, kumbukeni Oktoba 2013, wengi wetu tulikuwa watoto. John Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, aliondoa ule msamaha wa asilimia 5, yaani lori lililozidi lakini halijavuka asilimia 5 lilikuwa halitozwi. Wasafirishaji wakagoma, malori yakalala, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akasitisha ile amri kwa muda. Watu walibishana kama ni ukali au ni siasa. Mimi naiona kama fanksheni ya adhabu yenye sehemu tambarare: kuanzia kikomo mpaka asilimia 5 hakuna mteremko wowote wa kukurudisha. Ukiweka tambarare pale, mtu mwenye hesabu anahamia mwisho wa tambarare na kujenga nyumba. Asilimia 5 iliwekwa kwa ajili ya mzigo kuhama safarini na mizani kutofautiana. Mjomba anasema ilikuwa inapakiwa Dar es Salaam, bandarini, kwa makusudi, "ile yetu".

Na barabara haina msamaha. Majaribio ya AASHO kule Ottawa, Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yaliendesha malori juu ya lami usiku na mchana mpaka ikafa, na kilichotoka ni kwamba uharibifu unapanda karibu na kipeo cha 4 cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ikibeba tani 10.5, hiyo ni asilimia 5 tu, uharibifu unaongezeka kwa asilimia kama 22. Ikibeba 12, uharibifu unazidi mara mbili. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania imeitumia tangu 2019, imeweka tani 56 kwa gari zima, na mtu akiona hiyo namba anadhani ni ya kubania wafanyabiashara. Shuka Sekenke uone lami ilivyokunjamana kama mkeka mahali ambapo malori yanapunguza mwendo, ndipo uje tuongee.

Kwa hiyo narudi kwenye mnara, na kwa mwenzangu mmoja wa kikundi ambaye jana tulizozana mpaka walinzi wakatuangalia. Hoja yake ni hii: kikomo tulichopewa tayari kina ziada ya usalama, chuma halisi kinavumilia zaidi ya hapo, kwa hiyo asilimia 15 imo ndani, mnara hautaanguka. Ni kweli huenda usianguke. Lakini ndugu yangu, hiyo ndiyo "ile yetu" ya bandarini! Ziada ya usalama siyo yetu sisi wa kompyuta. Ni ya fundi atakayechomelea huku umeme unakatika. Ni ya kutu. Ni ya ule upepo wa Singida siku utakapovuma kuliko tulivyoandika kwenye ripoti, na ya yule atakayeamua miaka kumi baadaye kuongeza tanki la pili juu ya lile la kwanza kwa sababu kijiji kimekua. Wote hao wanakuja kuchukua chao, na sisi tumeshakula asilimia 15 kabla boliti ya kwanza haijakazwa. Tena hatukula kwa kuamua. Angalau mjomba anajua akizidisha. Sisi tuliandika "masharti yote yametimizwa".

Kingine kinachoniudhi, kwa kifupi. Watu wanaweka namba ileile moja kwa masharti yote, mkazo kwa paskali na mnyumbuko kwa mita. Mkazo ukizidi kidogo ni mamilioni, mnyumbuko ukizidi vibaya ni 0.02. Programu inaogopa la kwanza na la pili haina habari nalo. Gawanya kila sharti kwa kikomo chake kwanza, ni mstari mmoja wa programu jamani.

Na milioni moja je? Nimeiweka, ili mwenye desa asiseme sikujaribu. Mnara wetu una vyuma vya ukubwa aina sita, kwa hiyo kompyuta inatafuta kwenye vipimo sita kwa pamoja, na adhabu ikiwa kali hivyo linatokea bonde jembamba lenye kuta wima. Ikipiga hatua inagonga ukuta, ikirudi inagonga mwingine, kama semi kwenye kona za Sekenke ya zamani. Ilihangaika, ikasimama kilo 431, ikaniambia imemaliza. Yaani elfu moja inakupa mnara wa kuua, milioni inakupa mnara wa kufilisi kijiji, na zote mbili zinaandika "imekamilika" kwa rangi ya kijani.

Njia ipo na siyo ngeni. Anthony Fiacco na Garth McCormick waliandika kitabu kizima mwaka 1968: anza na namba ndogo, chukua jibu, lifanye mwanzo wa raundi inayofuata na namba kubwa zaidi, endelea hivyo. Mwaka uliofuata Hestenes na Powell, kila mmoja kivyake, wakaonyesha unavyoweza kuongeza bei ya sharti lenyewe pembeni ya mraba, ukafika bila namba ya kutisha. Nimejaribu hii ya pili kwa mnara wetu. Raundi nane, kilo 400 na gramu kadhaa. Halafu, na hii ndiyo naiomba kwa magoti, kabla hujaandika ripoti chukua lile jibu, toa adhabu zote, pima kila sharti kwa mkono. Dakika ishirini.

Hatukuzitumia hizo dakika ishirini, mimi mmojawapo.

Mambo yalipofikia ni kwamba nataka turudishe ripoti kwa mwalimu na ile hesabu mpya. Mmoja yuko na mimi. Mmoja anasema A ni A, na kwamba anayekaribia kudisko hawezi kuchezea maksi, na hapo simlaumu sana, hali yake naijua. Wa nne ndiye yule wa ziada ya usalama, anataka kwanza nimthibitishie hiyo 348 mbele yake, mstari kwa mstari. Tumepanga Alhamisi saa kumi na mbili jioni, vimbweta vya nyuma ya maktaba. Mwenye kikokotoo kizima aje nacho, changu kimekufa betri.